Bill Russell, Kocha Aliyefundisha Akiwa Uwanjani

Makocha wenzangu, nanyi wachezaji mnaokaribia kutundika viatu, leo nawaletea habari za Bill Russell. Mataji yake 11 na Boston Celtics, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, katika misimu 13 mnayajua. Mawili ya mwisho, la 1968 na la 1969, aliyatwaa akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, lakini watu huyahesabu kama ya mchezaji tu. Mimi nasema ni mataji ya kocha.

Aprili 1966, kocha wa Boston, Red Auerbach, alipoamua kung'atuka, Russell akakabidhiwa timu. Ndiye Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Siku anatangazwa, mwandishi akamwuliza kama ataweza kazi hiyo bila kuwabagua wachezaji weupe. Jamani! Aliyebaguliwa tangu utotoni ndiye anayeulizwa hivyo. Akajibu kwamba ataweza. Msimu wa kwanza Philadelphia wakamtoa kwenye mtoano, na ubingwa wa Boston wa miaka minane mfululizo ukakatika. Wala hakuwa na kocha msaidizi. Apange kikosi yeye, aombe mapumziko yeye, kisha akakabane na majitu kama Wilt Chamberlain wa Philadelphia chini ya kikapu yeye huyo huyo.

Njooni kwenye fainali ya 1969. Boston walikuwa wamemaliza wa nne upande wa Mashariki, wamechoka, na Los Angeles Lakers wanaongoza mechi mbili kwa moja. Mechi ya nne, zimebaki sekunde chache, Boston wako nyuma kwa pointi moja. John Havlicek na Larry Siegfried wakapendekeza mpango waliotoka nao chuoni kwao, Ohio State. Russell akaukubali. Wenzake wakamkinga Sam Jones, naye akarusha huku anateleza. Mpira ukagonga ringi, ukaruka, ukazama. 89 kwa 88. Kocha anayejiona anajua yote angewasikiliza wale wawili kweli?

Mechi ya saba ikachezwa Los Angeles. Mwenye Lakers alikuwa ameshaning'iniza maputo darini kwa ajili ya sherehe. Robo ya nne Chamberlain, ambaye sasa alikuwa Lakers, akaumia goti, akatoka. Alipoomba kurudi, kocha wake, Butch van Breda Kolff, akamkatalia. Yule alikuwa na jitu benchini na hakulitumia, kwa sababu hawakuwa wakielewana. Russell akacheza dakika zote 48, akafunga pointi 6 tu, akadaka rebaundi 21, yaani mipira iliyokosa kikapu. Boston wakashinda 108 kwa 106, naye akastaafu kucheza.

Baadaye akafundisha Seattle SuperSonics, 1973 hadi 1977, na mwaka 1975 akawaingiza kwenye mtoano kwa mara ya kwanza. Timu ya Sacramento Kings ilimshinda: msimu wa 1987-88 alishinda mechi 17, akapoteza 41, akaondolewa kabla ligi haijaisha. Kwa maoni yangu, ufundi wake ulikuwa wa mtu aliye ndani ya mchezo, anayerekebisha kosa la mwenzake mpira ungali hewani. Akiwa pembeni amevaa suti, silaha hiyo hakuwa nayo tena.

Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa mpira wa kikapu ulimwingiza kama mchezaji mwaka 1975. Kama kocha ilibidi asubiri mpaka 2021, mwaka mmoja kabla hajafariki. Walikawia mno. Haya, karibuni maswali.