Machungwa ya Muheza na MAGAZIJUTO

ZUHURA: Karibuni, tupo Ngamiani kama kawaida, feni tumeizima ili mtusikie. Bakari, juzi kidato cha kwanza niliandika ubaoni 12 − 5 + 3. Nusu ya darasa ikajibu 4.

BAKARI: Badala ya 10.

ZUHURA: Nikamwita binti mmoja aeleze. "Mwalimu, MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jumlisha inatangulia." Kajumlisha 5 na 3, kapata 8, kaitoa kwenye 12. Kaitii kanuni herufi kwa herufi!

BAKARI: Kafundishwa nusu kanuni. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unaanza kushoto kwenda kulia. Mwambie hivyo, mpe maswali 20, kesho hakosei.

ZUHURA: Nilimuuliza: una machungwa 12, umeuza 5, shangazi kakuletea 3...

BAKARI: Haya, machungwa yameingia! Wasikilizaji mnamjua, mtu wa Muheza huyu.

ZUHURA: Tena wa Muheza hasa. Basi binti hakuningoja nimalize: "Kumi!" Akaitazama ile 4 yake ubaoni, akaifuta kwa kiganja.

BAKARI: Machungwa ya fungu au ya tenga?

ZUHURA: Ya fungu. Na hapo likazuka! Mmoja anasema mnunuzi wa mafungu mawili lazima apewe nyongeza, mwenzake anasema kwao sokoni hakuna hiyo, mwingine anauliza yaliyooza yanahesabiwa wapi. Nikawaacha wabishane. Wote wanatoa na kujumlisha kwa mfuatano ulio sawa, kanuni hakuna aliyeitaja.

BAKARI: Muda gani?

ZUHURA: Vipindi viwili, dakika 80.

BAKARI: Zuhura! Mada zinakusubiri, dada yangu. Mimi jedwali la kuzidisha nililishika kwa kuimba, maana yake nikaielewa baadaye, na mpaka leo halinitoki. Mtoto anayehangaika na 7 mara 8 atapata wapi nafasi ya kufikiria mlinganyo? Haya, hasi 1 mara hasi 2. Niletee machungwa.

ZUHURA: Hapo machungwa nayaweka kando. 3 mara hasi 2 ni hasi 6. 2 mara hasi 2, hasi 4. 1 mara hasi 2, hasi 2. Sifuri mara hasi 2, sifuri. Kila hatua jibu linapanda kwa 2. Hatua inayofuata mtoto anaitamka mwenyewe: 2, chanya.

BAKARI: Anaitamka mmoja. Kwenye darasa la watoto 70, waliobaki wanamsubiri yeye ili wanakili. Hao wanavushwa na kanuni.

ZUHURA: Na hao ndio ninaowahofia. Kanuni ikiwaponyoka hawana pa kushika.

BAKARI: Wakiizoea haiponyoki.

ZUHURA: Binti yule kaizoea tangu shule ya msingi!

BAKARI: Kaizoea vibaya. Dawa yake ni kuizoea vizuri.

ZUHURA: Hapo hatukubaliani kabisa.

BAKARI: Kabisa. Na fundi mitambo ananyoosha kidole, dakika moja. Tuliwaahidi wazazi mambo matatu ya kufanya nyumbani.

ZUHURA: Hata moja hatujaligusa. Wiki ijayo, inshallah.

BAKARI: Nakuja na jedwali langu.

ZUHURA: Njoo nalo. 7 mara 8 ni 56, na mtoto akisahau ajue ni 49 ongeza 7...

BAKARI: Aliyeliimba hasahau. Kwaherini!