Kuingia ni Bei Gani?

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa maktaba, Jinja

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti amenitambulisha vizuri mno, ila ameruka kwamba maneno haya, ya kuingiza sanaa maktabani, nimeshayasema kumbi nyingi. Waliokwisha kuyasikia wanivumilie. Nitanyamaza siku nitakapoona picha zimetundikwa kati ya rafu za vitabu bila mtu kuandika barua tatu za kuomba msumari.

Barua tatu, sitanii. Haikuwa hapa, ilikuwa maktaba ya mji mmoja wa kando ya ziwa, jina nalihifadhi. Vijana wanane walikuwa na picha zao. Ofisi ikajibu kwamba ukuta ni mali ya serikali. Barua ya tatu ikatupatia chumba cha mikutano, kwa sharti: kifunguliwe siku ya mgeni rasmi, kisha kifungwe mpaka siku ya kufunga maonyesho. Mmesikia vizuri. Kuna kufungua, kuna kufunga, kuonyesha hakuna! Mgeni rasmi akachelewa saa tatu, akakata utepe, akanywa soda, akaenda zake. Ufunguo ukabaki mfukoni mwa karani, na karani akaenda mazishini.

Aliporudi tulikuwa tumechoka. Tukazitoa picha zote, tukafunga kamba ya katani kutoka rafu hii hadi ile, tukazibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Hakuna msumari, hakuna kosa. Moja tukaigeuza dirishani, itazame barabara: akina mama wanaanika mukene, dagaa wa ziwani, ufukweni.

Pale getini kulikuwa na mama anakaanga chapati. Miaka sita yuko pale, anaona watu wanaingia na kutoka. Siku hiyo akaja hadi mlangoni, mikono ina unga, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, kuingia ni bei gani?"

Miaka sita, ndugu zangu! Nyumba ya umma, naye analipa ushuru wa soko kila siku, anadhani ndani kuna kiingilio. Nikamwambia bure. Akavua ndala. Nikamwambia vaa, mama, huu si msikiti. Akaenda moja kwa moja kwenye ile picha, akaitazama, akakunja uso. "Nani amechora hii? Mukene ameuanika chini mchangani. Anayeununua atatafuna mchanga. Unaanikwa juu ya kichanja!" Mchoraji alikuwapo, kijana mwembamba, akajitetea kwamba mchanga una rangi nzuri. Mama akamwuliza: "Rangi inaliwa?" Wakabishana nusu saa. Kesho yake mama akarudi na dada yake, anayeuza mukene sokoni, aje kumwongezea nguvu. Keshokutwa akaja binti yake peke yake, hakuitazama hata picha. Akauliza kama vitabu navyo ni bure.

Najua kuna mtu hapa anaandaa swali: mzee, maktaba si mahali pa kimya? Kimya cha nani? Ingia maktaba zetu asubuhi yoyote uangalie juu ya meza. Ni wanafunzi wanasoma madaftari yao wenyewe waliyokuja nayo. Wamefuata meza na taa. Kimya hicho ni cha chumba cha mtihani, na mama wa chapati anakisikia kutoka getini, ndiyo maana haingii.

Mwingine atasema sanaa ina nyumba zake. Ni kweli, Nommo Gallery, jumba la sanaa la taifa, iko kilima cha Nakasero tangu 1964, naiheshimu. Lakini huyu mama azime jiko lake, apande teksi mpaka Kampala, kisha akipande kile kilima, aende kuona picha ya mukene? Na hiyo sanaa tunayoiita ya chuo kikuu ilianzia wapi? Mwaka 1937 Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa Mwingereza, alianza kufundisha barazani kwake, Kampala. Barazani! Ndipo ilipotoka shule ya sanaa ya Makerere, iliyowavuta mpaka vijana wa Kilimanjaro, Sam Ntiro na Elimo Njau. Sisi wa Kiswahili baraza tunalijua kwa maana zake zote mbili, pale mahali na wale watu waliokaa pale. Nilipoanza kwa Kiswahili kuna aliyenong'ona "lugha ya askari". Nimemsikia. Nimestaafu mimi, masikio bado yako kazini, na Katiba ya Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Mwaka huohuo UNESCO ilitangaza ufundi wa lubugo, nguo ya gome la mti, kuwa urithi wa binadamu. Tulimwalika fundi mmoja, mzee sana. Akaja na nyundo tatu za mbao: ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ya wastani, ya tatu myembamba kama mistari ya kidole. Akaweka kipande cha lubugo chini ya kila moja, watoto wakapapasa. Hapakuwa na "usiguse". Akaeleza jinsi gome la mti wa mutuba linavyovuliwa, na shina linavyofungwa majani ya mgomba mpaka liote gome jingine. Rafuni hapakuwa na kitabu kinachosema hayo kwa lugha ya wale watoto. Mkutubi kijana akayaandika daftarini neno kwa neno, na daftari lile leo lina namba yake ya rafu.

Fedha? Kamba na vibanio havikufika bei ya kuku. Na msiniambie niende Kampala kuomba ruhusa. Maktaba hizi ziko chini ya serikali za mitaa, diwani wako unamjua na nyumba yake unaijua. Nilitaka kusema juu ya magereza, na juu ya shule za... naona naonyeshwa saa. Basi.

Chai iko nyuma. Picha ziko kwenye kamba, mkono wa kushoto. Ile ya mukene ni ya tatu kutoka mlangoni. Mchoraji amekataa kuirekebisha, na mama amesema atakuja.