Mapafu Yakilemewa, Ubongo Hulipa

Ndugu zangu, kabla sijaendelea, naomba kila mmoja wenu anyooshe mikono yote miwili mbele, ainue viganja kama anayesimamisha gari, kisha atanue vidole. Tulieni hivyo, hesabuni hadi thelathini.

Mikono yenu imetulia. Mgonjwa wa mapafu aliyejaa hewa ukaa kwenye damu, ile hewa chafu tunayoitoa tunapopumua, hawezi. Viganja vyake vinaanguka ghafla, vinainuka, vinaanguka tena, kama mbawa zinazopiga polepole. Si baridi wala woga. Ni kwamba ile amri inayoshikilia misuli inakatika kwa muda mfupi mno, kisha inarudi. Ini au figo zikishindwa kazi nako huonekana hivyohivyo, kwa hiyo peke yake dalili hii haitambulishi ni ugonjwa gani. Lakini kwa mtu wa mapafu ni dalili ya kumwahisha hospitali, tena leo, si kesho.

Nimeanza na mikono makusudi, maana tumezoea kudhani ugonjwa sugu wa mapafu unaishia kifuani. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote mtu akiwa amepumzika, na hauna akiba. Oksijeni ikipungua mwezi baada ya mwezi, umakini hulegea na kumbukumbu hudorora. Mgonjwa anauliza jambo mlilokwisha kumjibu. Hakumbuki kama amemeza dawa. Nyumbani wanasema ni uzee, au mzee amekuwa mkaidi. Neno hilo, mkaidi, linaniuma sana, kwa sababu mtu anagombezwa kwa kukosa hewa.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Usingizini tunapumua kijuujuu, si kwa kina, na kwa mapafu yaliyochoka hewa ukaa hubaki mwilini. Hewa hiyo hutanua mishipa ya damu ya ubongo, ndiyo maana mgonjwa huamka na kichwa kinamgonga, kisha maumivu yanapungua akishakaa kitako na kupumua vizuri. Muulizeni kuhusu asubuhi. Wengi hawasemi mpaka waulizwe. Wengine hupata pia ganzi nyayoni, kwani mishipa ya fahamu ya miguuni nayo huathirika.

Je, oksijeni husaidia? Ndiyo, kwa wanaostahili. Tafiti mbili, ya Marekani mwaka 1980 na ya Uingereza mwaka 1981, zilionyesha kwamba wagonjwa ambao oksijeni yao imeshuka sana huishi muda mrefu zaidi wakiitumia saa 15 au zaidi kwa siku. Kuvuta kidogo unapojisikia vibaya hakutoshi.

Ila oksijeni ni dawa, na dawa ina kipimo. Kwa mgonjwa anayelimbikiza hewa ukaa, wahudumu hulenga kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisome kati ya asilimia 88 na 92, si 100. Najua mapenzi yanavyosukuma mkono wa mtoto kuongeza mtiririko anapomwona mama yake anahema. Akizidisha, hewa ukaa inaweza kupanda zaidi, na mama akazama usingizini. Basi ukimkuta anasinzia katikati ya sentensi, usiongeze, wala usimvue mpira wa oksijeni puani. Mkalishe wima, itisha gari la wagonjwa.