Hodi Si Shida: Kumsikiliza Mteja Kabla ya Kuandika Lengo

Ndugu washauri nasaha wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie kutathmini tatizo la mteja na kuweka malengo. Nitayazungumzia yote mawili kwa pamoja, kwa sababu makosa mengi niliyowahi kuyafanya katika kuweka malengo yalizaliwa katika tathmini.

Nianze na mama mmoja, ambaye habari zake nimezibadilisha ili asitambulike. Alikuwa mjane, mama lishe, na alipoketi alitamka neno moja tu: "Silali." Nikaandika kwenye fomu "kukosa usingizi", na kabla nusu saa haijaisha nikawa nimeshaandika lengo chini yake: "Mteja aache kuwaza usiku." Nikamfundisha namna ya kuvuta pumzi taratibu, nikamshauri asinywe chai jioni, naye akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Aliporudi wiki iliyofuata, hali ilikuwa ileile. Ndipo nilipomwuliza jambo nililopaswa kumwuliza tangu mwanzo: "Jana usiku ulipoamka, mama, ulifanya nini?" Akakikunja kitambaa chake juu ya goti, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama kiberiti, kisha akasema kwamba huamka kusikiliza kama mlango wa uani umefunguliwa, maana mwanawe wa miaka 19 hurudi usiku wa manane, na yeye hajathubutu kumweleza kwamba baba zake wadogo wanakidai kiwanja wanachoishi.

"Silali" ilikuwa hodi. Mgeni hapokonywi mzigo kizingitini, naye mteja hawezi kutua shida yake kabla hajajua kama nyumba hii inatunza siri. Kwa hiyo ninachokiandika katika kikao cha kwanza huwa ni maneno yake mwenyewe, jinsi alivyoyasema, bila kuyapa jina la kitaalamu. Ni wachache wanaokuja wakisema "nina sonona". Wengi husema moyo unawaenda mbio, kichwa ni kizito, au "nina mawazo". Kule Harare, Zimbabwe, katika mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, wanawake wazee wa mtaani huketi na wateja kwenye benchi za nje ya zahanati, na neno wanaloanza nalo ni la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wameanza pale mteja alipo, na nasi tunalo neno letu tayari: "mawazo".

Sisemi kwamba dodoso halina kazi. Dodoso la PHQ-9, linalotumika kupima dalili za sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Hata hivyo, ninawasihi msiitazame jumla peke yake. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na mteja mwenye jumla ndogo aliyejibu hapo kwa alama yoyote zaidi ya sifuri anapaswa kuulizwa zaidi siku hiyohiyo, kwa sauti ya utulivu, hata kama foleni ya nje ni ndefu. Tukumbuke pia kwamba sheria ya Tanzania inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo mtu anaweza kuficha jibu kwa hofu ya polisi na si kwa sababu hana la kusema. Palipo na hatari, malengo mengine yote husubiri. Usalama wake na rufaa ndivyo vinavyotangulia.

Sasa nilirudie lengo nililoliandika vibaya. Mwanasaikolojia wa Marekani, Ogden Lindsley, alikuwa na kipimo kikali: jambo ambalo hata maiti anaweza kulifanya si tendo. "Aache kuwaza" halikivuki kipimo hicho, kwa kuwa maiti hawazi. Lengo linapaswa kutaja kitu ambacho mtu aliye hai atakifanya, na kitu hicho akichague yeye. Nilipomwuliza mama yule angependa nini kiwe tofauti, hakuutaja usingizi hata mara moja, alisema, "Nataka nikae na mwanangu nimwambie habari za kiwanja, kabla hajaisikia barazani."

Tuliliweka lengo hilo kwenye ngazi ya Kiresuk na Sherman ya mwaka 1968, ya kupima lengo limefikiwa kwa kiasi gani, inayoanzia -2 na kuishia +2, ambapo sifuri ni kile tulichokitarajia. Tukakubaliana kwamba -2 ni kuendelea kunyamaza, -1 ni kuanza maneno na kuyakatiza, sifuri ni kumweleza kijana habari yote, +1 ni kijana kutoa maoni yake, na +2 ni wawili hao kwenda pamoja kwa mjumbe wa mtaa. Ngazi zote zilitamkwa na yeye. Mimi nilikuwa mwandishi wake tu.

Katika kikao cha nne alifika mapema, akanyoosha kidole kwenye karatasi kabla sijamwuliza lolote. "Andika sifuri," alisema. "Nimemwambia yote. Hakujibu kitu, lakini jana alirudi kabla ya saa tatu, akafunga mlango wa uani mwenyewe."