Kaskazi, maji ya chumvi na mimea yetu

RUKIA: Haya assalamu alaykum wasikilizaji, tuko Lamu na kaskazi inavuma kweli kweli, na wasap yangu imejaa mapicha ya mimea, majani yameungua pembeni kote na kila mtu swali ni moja, niongeze maji? Athumani kakangu hebu anza hapo.

ATHUMANI: Waalaykum salaam dadangu. Usikimbilie ndoo kwanza. Tia kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, ukisikia ubichi basi mmea hauna kiu, na jani likilegea saa saba mchana alafu jioni likasimama lenyewe hilo ni joto tu. Lakini ukiona limeungua ncha na kingo na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, hiyo mara nyingi ni chumvi ya kisima.

RUKIA: Eeh, huo ukoko nauona sana kwenye vyungu vya asmini huku madarini.

ATHUMANI: Si jua lachukua maji, chumvi inabaki! Sasa mtu akitia kikombe kimoja kimoja kila siku chumvi yajikusanya palepale mizizini, na mizizi inashindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa chepechepe, yaani mmea unakufa kiu ndani ya maji. Bora umwagie kwa wingi mara moja mpaka yatoke kwenye tundu za chini, ukipata maji matamu hata yale ya kuoshea mchele ndio vizuri zaidi, alafu ngoja. Na ya kwenye kisahani yamwage.

RUKIA: Lakini matamu yenyewe tunayajua jamani, ni yale ya visima vya michanga ya Shela, mvua inachujika pale ikakaa juu ya maji ya chumvi, tukivuta kupita kiasi chumvi inapanda. Mimi roho inaniuma nikiona mpira umeachwa wazi mchana. Tufunike udongo bwana, maji yakae.

ATHUMANI: Hapo umesema! Makumbi ya nazi, makuti makuukuu, majani makavu, unene wa vidole vinne hivi, ila shina uliachie nafasi lisioze.

RUKIA: Na samadi ya punda, maana hiyo huku haituishi?

ATHUMANI: Ivunde kwanza miezi kadhaa, mbichi inaunguza na ina chumvi yake pia. Na wakati huu mmea umechoka na joto usiulazimishe kula, ngoja masika ikikaribia ndio utie.

RUKIA: Kumwagilia ni baada ya alfajiri, sivyo? Jioni nyanya zikilala na majani mabichi ukungu unaingia.

ATHUMANI: Ndio, na uelekeze chini kwenye shina sio juu. Vyungu vya darini vishushe nyuma ya ukuta uvisogeze pamoja, ule upepo unakausha kuliko jua. Kikishakauka kabisa maji yanapita pembeni tu, hicho kikalishe ndani ya karai la maji nusu saa kinywe.

RUKIA: La mwisho, kuna mama anataka kuhamisha miche ya bamia wiki hii.

ATHUMANI: Kama hawezi kungoja masika basi iwe jioni, achimbe shimo alijaze maji yanyweke kwanza, apande, alafu asimamishe kuti upande wa magharibi, jua la alasiri ndilo linaloua miche.