"Si" gani hii, jamani?

Haya wapendwa, leo nimekuja na neno moja tu. Herufi mbili: si.

Wiki zangu za mwanzo hapa Italia kulikuwa na mama jirani akiongea na simu dirishani: sì, sì, sì, sì... Mimi huku nimetega sikio. Si nini, mama? Maana kwetu "si" haiendi mikono mitupu: si mimi, si kweli, si mchezo. Mara akakata simu, hajakana chochote! Kumbe muda wote alikuwa anakubali.

Neno lao linatoka Kilatini, sic, yaani "hivyo". Warumi hawakuwa na neno moja maalumu la ndiyo. Ukiwauliza "umemaliza?" wanakurudishia kitenzi, "nimemaliza", kama sisi tu, au wanasema "hivyo". Hiyo "hivyo" ndiyo ikalika mwishoni, ikawa sì ya Waitalia na sí ya Wahispania. Kusini mwa Ufaransa walishika neno jingine, hoc, "hili", likawa oc, na mpaka leo kuna eneo linaitwa Languedoc, lugha ya oc. Mshairi Dante, mwanzoni mwa karne ya 14, alizipanga lugha za pande hizo kwa ndiyo zao. Yaani watu mnajulikana kwa mnavyoitikia!

Sasa sikilizeni kilichonikuta. Jioni moja kazini msimamizi kachungulia stoo: "Non hai finito?" Hujamaliza? Nami kwa akili ya Kiswahili nikajibu "sì": ndiyo, sijamaliza. Akazima taa, akaenda zake. Nimebaki gizani na boksi mkononi! Yeye alisikia nimemaliza.

Wafaransa hapo wamejipanga. Wana oui ya siku zote, halafu wameweka si pembeni, ya kumjibu anayeuliza kwa kukanusha. "Hujamaliza?" "Si!" Nimemaliza, bwana, niache. Ningekuwa nayo siku ile...

Kizulu nacho kilinichanganya. Mtu kaniambia "siyabonga", nikaona huyu mbona anakataa kushukuru? Kumbe si- yao ndiyo tu- yetu: tunashukuru. Na Kichina usiseme: sì ni nne, sǐ ni kufa, kinachozitenga ni mpando na mshuko wa sauti. Ndiyo maana kuna majengo yanaruka ghorofa ya 4.

Ila na sisi tusijifanye wanyoofu. "Si nilikuambia?" Hapo nimekana nini? Nimekuambia, tena kwa msisitizo! "Si huyo anakuja?" Anakuja, tunamwona. Ukiitia kwenye swali, "si" yetu inageuka shahidi.

Juzi mama wa dirishani yuko kwenye simu tena, sì, sì, sì, na mimi huku kimoyomoyo nammalizia: si nilikuambia, si nilikuambia.