Kukausha nanaa bila kuifukuza harufu: mhadhara wa jikoni

Ndugu zangu, karibuni. Mbele ya kila mmoja wenu pana shina moja la mnanaa na kioo cha kukuzia. Kabla hatujasema mengi, nyofoeni jani moja, mligeuze upande wa chini, mlitazame kwa kioo huku mmelielekeza kwenye mwanga. Mtaona vitone vidogo vinavyong'aa, vimetapakaa kati ya mishipa ya jani. Vipo pande zote mbili, ila chini ni vingi zaidi. Sasa linuseni hivyo hivyo, bila kuliminya. Harufu ni hafifu. Liminyeni kidogo kwa kidole, mnuse tena.

Naam. Mmevipasua. Vitone hivyo ni vifuko vya mafuta, na karibu harufu yote ya nanaa imo humo. Ngozi yake ni nyembamba mno: hupasuka kwa kubanwa, na mafuta yakishatoka huruka hewani hata bila moto. Tukizungumzia kuchuma, kukausha, kuhifadhi au kupika, swali litabaki lile lile: je, vifuko vimefika vizima mpaka pale tunapotaka vipasuke?

Tuanze na mmea wenyewe, kwa sababu watu wengi hukausha bila kujua wanakausha nini. Minanaa ni mingi, lakini miwili ndiyo inayotuhusu. Wa kwanza ni mnanaa wa jikoni, Mentha spicata. Majani yake hayana kikonyo, au yanacho kifupi sana; harufu yake ina utamu, na kinachoitawala kinaitwa karvoni. Wa pili ni mnanaa mkali, Mentha × piperita, ambao ni chotara wa huo wa kwanza na mnanaa wa majini. Majani yake yana vikonyo vinavyoonekana, mashina mara nyingi yana uzambarau, na una mentoli, ile inayofanya ulimi uhisi baridi. Kwa chakula chukua wa kwanza. Kwa tumbo na mafua chukua wa pili. Ukitia mnanaa mkali kwenye mchuzi, chakula kitanukia dawa ya meno, na hakuna kiungo kitakachouokoa mchuzi huo. Huu wa pili, kwa kuwa ni chotara, hauoteshwi kwa mbegu: pandikiza kipande cha shina au cha mzizi. Pakiti inayodai kuwa na mbegu zake huwa ina mbegu za mnanaa mwingine.

Wakati wa kuchuma ni pale vichomozi vya maua vinapoanza kuonekana nchani lakini havijafunguka. Hapo jani limekomaa na mafuta ni mengi. Maua yakishafunguka, mnanaa mkali hubadilika ladha, unakuwa na ukakasi na uchungu fulani. Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Kata juu ya kifundo, ukibakiza shina la sentimita 10 hivi, nao utachipua tena. Jani lenye vipele vya rangi ya machungwa upande wa chini lina ugonjwa wa kutu, hilo halikaushwi. Na kama bustani ilipuliziwa dawa, soma kwenye kibandiko cha dawa ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Kukausha hakuondoi dawa. Maji ndiyo yanayoondoka, dawa inabaki.

Kuosha ndiko kunakoharibu nanaa nyingi. Watu huloweka, huzikamua kama kitambaa, halafu hushangaa zimekauka nyeusi. Jani lililobanwa hupoteza mafuta, na majimaji yake yakikutana na hewa hugeuka rangi, kama tunda lililokatwa. Njia bora ni kuuogesha mmea ungali bustanini: mwagia maji jioni, majani yote yaoshwe vumbi, kisha vuna kesho yake yakiwa makavu. Ikiwa huna budi kuosha baada ya kuvuna, chovya matawi katika beseni la maji baridi, yatikise, kung'uta, kisha yatandaze juu ya kitambaa kikavu mpaka usione tone la maji. Usianze kukausha jani lililolowa nje.

Sasa kukausha kwenyewe. Nanaa mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Gramu 100 za majani hukupa gramu 15 mpaka 20 za nanaa kavu, basi vuna kwa hesabu hiyo. Maji hayo lazima yatoke upesi ili ukungu usiwahi, lakini kwa joto dogo ili mafuta yasitoke nayo. Mizani hiyo ndiyo ufundi wote. Kwa hiyo kinachokausha vizuri ni upepo. Joto ni msaidizi tu.

Pahali pakavu penye upepo, njia ya kuning'iniza inatosha. Funga matawi matano au sita kwa raba bendi, usitumie uzi, kwa sababu mashina yatasinyaa na uzi utalegea, kicha chote kianguke. Ning'iniza vichwa chini, chumbani, mbali na jua na mbali na moshi na mvuke wa jiko. Itachukua wiki moja hadi mbili. Kicha kikubwa kuliko hapo huoza katikati huku nje kikionekana salama; ndiyo maana tunasema matawi sita, si kumi na sita.

Pahali penye unyevu mwingi hewani, achana na kuning'iniza. Nyofoa majani, yatandaze safu moja juu ya wavu au ungo, yasilaliane, upepo upite juu na chini. Yageuze mara moja kwa siku kwa kutikisa ungo, mikono iache. Siku tatu hadi tano. Yakifika siku ya tano bado yanapinda bila kuvunjika, hewa ya hapo haitayamaliza, na usingoje ukungu ukuthibitishie. Yamalizie kwa mashine ya kukaushia matunda au kwa oveni.

Mashine hiyo ndiyo njia tunayoipendelea kuliko zote kwa sehemu zenye unyevu: nyuzijoto 35 hadi 40 za Selsiasi, saa mbili hadi tano kwa majani yaliyonyofolewa. Oveni ni ya mwisho, maana nyingi hazishuki chini ya 50. Iweke kwenye joto la chini kabisa, mlango uuache wazi kidogo mvuke utoke, na uchungulie kila baada ya dakika 15. Jikoni pakianza kunukia nanaa vizuri sana, usifurahi: harufu hiyo ndiyo uliyotaka ibaki kwenye jani. Maikrowevu hukausha kwa dakika chache lakini bila usawa. Jani moja bado lina maji, la jirani yake limeungua. Na jua kali, ambalo ndilo watu hulikimbilia kwanza, hukausha haraka kweli, ila hufifisha rangi na kufukuza mafuta. Utabaki na kitu chenye umbo la nanaa.

Utajuaje imekauka? Jani livunjike kwa sauti, na kijiti chake kikatike, kisipinde. Kisha kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachookoa kazi yote. Tia majani kwenye chupa ya kioo safi na kavu, yakiwa yamepoa, funga mfuniko, iache pahali unapopita kila siku kwa wiki moja. Kila siku itazame. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, au majani yamerudi kulegea, yatoe yote uyaanike tena. Ukiona utando mweupe au wa kijivu, au ukinusa uvundo, yatupe yote, usichambue. Kuvu haliishii pale linapoonekana.

Hifadhi majani yakiwa mazima. Kuyasaga kabla ya kuhifadhi ni kupasua vifuko vyote siku moja kwa ajili ya mwaka mzima. Chupa ijae, ifungwe barabara, ikae kabatini gizani, mbali na jiko. Rafu iliyo juu ya jiko inapendeza kwa picha, lakini joto na mvuke wa pale humaliza nanaa. Andika tarehe. Miezi 6 ya kwanza ndiyo ya ladha nzuri. Mpaka mwaka bado inafaa. Baada ya hapo haigeuki sumu, inakuwa majani tu.

Twende kwenye chungu. Mapishi yakisema kijiko cha mezani cha nanaa mbichi iliyokatwa, weka kijiko cha chai cha kavu, yaani theluthi. Usimwage moja kwa moja kutoka kwenye chupa: mvuke utaingia ndani. Chota, kisha fikicha kwa viganja juu ya sufuria. Hapo ndipo vifuko vinapopasuka kwa ruhusa yako. Katika supu, dengu au mchuzi, itie dakika tano za mwisho. Kwenye nyama ya kusaga, ichanganye mapema ipate unyevu. Kwenye mtindi, nyunyiza, koroga, uache robo saa kabla ya kupakua, la sivyo utatafuna vumbi. Kwenye kachumbari nanaa kavu haina kazi, tafuta mbichi.

Namna moja inastahili kuelezwa kwa utaratibu wake, kwa sababu mafuta ya nanaa huyeyuka vizuri katika mafuta ya kupikia kuliko katika maji. Pasha vijiko viwili vya mezani vya siagi au mafuta. Ondoa kikaango motoni. Nimesema ondoa kwanza. Ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha nanaa iliyofikichwa, tikisa kwa sekunde 10, mimina papo hapo juu ya supu ya dengu au mtindi. Ikibaki kijani, umepatia. Ikigeuka kahawia iliyoiva sana, imeungua na itakuwa chungu. Mwaga, anza upya, hasara ni ndogo.

Sasa dawa za nyumbani, na hapa tuseme kinachojulikana bila kukuza. Chai ya nanaa husaidia tumbo lililojaa gesi na mikazo midogo baada ya kula, kwa kuwa mentoli hulegeza misuli ya njia ya chakula. Kipimo cha mtu mzima: kijiko kimoja cha mezani cha majani yaliyofikichwa, ambacho ni kama gramu moja na nusu, katika mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka. Funika kikombe. Ukikiacha wazi, dawa inapaa na mvuke. Subiri dakika 5 hadi 10, chuja. Ule mvuke ulioganda chini ya kifuniko una mafuta, urudishe kikombeni. Vikombe vitatu kwa siku vinatosha. Wala usichemshe majani yenyewe kwenye sufuria kwa muda mrefu: mafuta yatakwisha, tanini, yaani vile vitu vyenye ukakasi, zitabaki, nawe utakunywa uchungu.

Lakini ulegezaji huo huo una upande wa pili. Kilango kati ya umio na tumbo nacho ni msuli. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara akinywa nanaa ili apate nafuu, tindikali hupanda zaidi. Huyo aiache. Mwenye mawe kwenye nyongo amwone daktari kwanza. Mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, kwa sababu inapunguza ufyonzaji wa madini ya chuma yatokayo kwenye mimea. Aiweke saa moja au mbili mbali na mlo. Na tumbo linalouma kwa nguvu, lenye homa, au choo chenye damu, halihitaji chai. Linahitaji hospitali.

Kwa pua iliyoziba, mvuke wa nanaa huleta faraja. Mentoli huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, ukahisi hewa inapita, ijapokuwa uvimbe wa ndani uko pale pale. Mimina maji ya moto juu ya vijiko viwili vya mezani vya majani, bakuli likiwa juu ya meza imara, uso mbali kidogo, macho umefumba. Watoto wasijifukize, kinachowapata mara nyingi ni kuunguzwa na maji. Na mafuta ya nanaa yaliyokamuliwa, yale ya kwenye kichupa, hayapakwi kamwe usoni, puani wala kifuani kwa mtoto mchanga: mentoli inaweza kumbana koo akashindwa kupumua. Mtoto wa chini ya miaka 4 msimpe nanaa kama dawa.

Kuna mnanaa mmoja wa kuogopa, Mentha pulegium, mdogo, unaotambaa, wenye maua yaliyozunguka shina kwa mafungu. Una pulegoni nyingi, kemikali yenye sumu, na mafuta yake yameshaua watu kwa kuharibu ini. Mjamzito asiuguse kabisa. Msipokuwa na hakika ya mmea wenu, msiunywe.

Nimeletewa maswali mawili kwa karatasi. La kwanza: je, naweza kutia nanaa mbichi kwenye chupa ya mafuta ya kupikia ikae kabatini? Hapana. Maji ya majani ndani ya mafuta, pasipo hewa, ni makao ya bakteria ya botulizimu, na sumu yake haina harufu wala ladha. Tumia nanaa iliyokauka kabisa. Ukitumia mbichi, mafuta yakae kwenye friji na yaishe ndani ya siku 4.

La pili ni vijiti vifanyweje. Vile vyembamba vya juu vina harufu kidogo, vikatekate uvitie kwenye chai. Vile vinene havina faida ya jikoni, vipeleke kwenye mboji, isipokuwa vyenye kutu. Mizizi usiipeleke huko ikiwa mibichi. Ianike juani mpaka ikatike kwa kuvunjwa, kwani kipande cha urefu wa kidole kinatosha kuotesha mnanaa katikati ya lundo, na utakaposambaza mboji hiyo utakuwa umeupanda bustani nzima.